Msumeno Usio na Meno

Wakati wa likizo za shule kazi yangu ilikuwa kumwaga maji.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa marumaru hapa Dar es Salaam. Nilipokuwa darasa la sita alinichukua niwe msaidizi wake wa msimu kwenye nyumba alizokuwa anamalizia huko Mbagala na Temeke. Alinipa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ambayo kizibo chake kilikuwa kimetobolewa kwa msumari wa moto. Yeye anachuchumaa na grinda mkononi, mimi nasimama pembeni na kuibinya chupa ili maji yadondoke pale diski inapokutana na mstari wa penseli. Nikizubaa kidogo tu, wingu jeupe linapanda na kutumeza wote wawili.

"Maji, mjomba, maji!" ananipigia kelele. Kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyohivyo, wote wajomba.

Siku zote nilijua maji yale ni ya kupoza diski. Ndivyo alivyoniambia, na ndivyo alivyoambiwa na fundi aliyemfundisha yeye. Imepita zaidi ya miaka 20 ndipo nikaelewa kwamba hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili niliikuta sehemu mbili: kwenye vitabu vya watu waliokufa zamani sana, na kwenye picha ya eksirei ya kifua cha mjomba.

Tuanze na diski yenyewe, maana wengi tunaiona kila siku bila kuitazama.

Waswahili tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huo ulitungwa na mtu aliyeujua msumeno wa mbao, wenye meno. Ukienda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ukaomba diski ya kukatia marumaru, utapewa kisahani cha chuma kisicho na jino hata moja. Pitisha kidole ukingoni (grinda ikiwa imezimwa na waya umechomolewa kwenye soketi, tafadhali) hutakatika. Utahisi ukwaruzo tu, kama msasa. Ukingo ule ni unga wa metali uliochanganywa na chembe ndogo za almasi, ukashindiliwa na kuchomwa mpaka ukawa kitu kimoja. Kila chembe inachomoza kidogo sana. Inapopita juu ya kigae inakwangua, haikati. Bandu bandu huisha gogo.

Usoni mwa diski pameandikwa mambo ambayo mafundi wengi hatuyasomi. Nasema "hatuyasomi" kwa sababu hata mimi niliyekuwa mshika chupa sikuyasoma. Kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Kuna kipenyo, kwa grinda ndogo huwa milimita 115. Kuna ukubwa wa tundu la katikati, milimita 22.23, ambao lazima ukae sawasawa kwenye kitako cha mashine, kwani diski inayocheza hata kidogo itameng'enya kingo za kigae na siku moja itapasuka. Kuna mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa, mara nyingi mizunguko 13,300 kwa dakika, na huo lazima uwe mkubwa kuliko mwendo wa grinda yenyewe. Grinda ndogo ya kawaida huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wa diski unakimbia zaidi ya mita 60 kila sekunde. Ndiyo maana mjomba, akishafunga diski mpya, aliiacha izunguke yenyewe kama dakika nzima, ameielekeza mbali na watu, kabla ya kugusa kigae. Ikitetemeka anaitoa.

Kuna na aina. Diski yenye mapengo ukingoni ni ya zege na tofali: inakata haraka na kuacha kingo zilizomeguka. Yenye ukingo mzima usiokatika ni ya marumaru. Inakwenda polepole lakini inaacha mstari safi. Kwa marumaru ngumu za kaure, zile ambazo mafundi wanaziita poseleni, mjomba hakukata mara moja mpaka chini. Kwanza alichora mfereji wa milimita mbili au tatu kufuata penseli, kisha akarudia kwa kina. "Usiisukume," alikuwa anasema. "Isikilize. Ikianza kulia, imechoka."

Kulia kwa diski kuna maana, na hapa ndipo penye jambo lililonishangaza kuliko yote katika ufundi huu. Diski inayokata vitu vigumu huwa na metali laini. Inayokata vitu laini vinavyokwaruza huwa na metali ngumu. Sababu yake ni kwamba chembe za almasi huchakaa na kuwa butu, na kazi ya ile metali ni kulika kwa kasi inayofaa ili iziachie zilizochakaa na kufunua mpya. Poseleni ni ngumu mno lakini haikwaruzi metali sana, kwa hiyo diski yenye metali ngumu ikikutana nayo inasuguliwa mpaka inang'aa, almasi zinabaki zimefunikwa, na diski inalia bila kukata. Dawa yake si tupio la taka. Mjomba alichukua kipande cha tofali la saruji akakikata mara tatu nne, na mchanga wa lile tofali ukaila metali na kuzifunua almasi upya. Aliita kuipa diski kifungua kinywa. Kitu kinachokata kigumu kinanolewa na kilaini. Mwandishi akitaka kukitumia kama fumbo, ruksa, lakini kwa mafundi ni kazi ya asubuhi tu.

Sasa, huo ujuzi kwamba chuma hakikati jiwe, kinachokata ni chembe, ni wa kale kuliko tunavyodhani. Katika Misri ya mafarao mafundi walikata itale kwa misumeno ya shaba. Shaba ni laini kuliko itale, kila mtu anajua. Walichofanya ni kumwaga mchanga kwenye mfereji na kuuburuta kwa shaba huku na huku, siku baada ya siku. Jeneza la mawe la Farao Khufu, lililomo ndani ya Piramidi Kuu ya Giza, bado lina alama za msumeno.

Aliyeandika jambo hili waziwazi ni Mroma, Plinius, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Katika kitabu cha 36 cha ensaiklopidia yake anaeleza kwamba anayeangalia ataona chuma kinakata, kumbe mchanga ndio unaokata, na msumeno kazi yake ni kuukandamiza. Anakwenda mbali zaidi na kupanga mchanga kwa daraja. Ulio bora kuliko wote, anasema, unatoka Ethiopia, na wakati wa kuandika "Ethiopia" Waroma walimaanisha nchi za watu weusi kusini ya Misri. Wa India unafuatia, lakini ni laini. Kisha analalamika kuhusu mafundi wadanganyifu wanaotumia mchanga wowote wa mtoni, mnene, unaopanua mfereji na kupoteza jiwe la tajiri. Nilipofika hapo nilicheka. Miaka karibu 2,000, na mteja bado anamlalamikia fundi kwa maneno yaleyale.

Na matajiri wenyewe je? Plinius anamtaja Mamurra, afisa wa Julius Caesar, kuwa mtu wa kwanza Roma kufunika kuta za nyumba yake nzima kwa vipande vyembamba vya marumaru, na anamtaja kwa dharau. Marumaru ya Mamurra ilikuwa jiwe halisi la mlimani. Lugha yetu imelichukua jina hilohilo ikalivisha na kigae cha udongo kinachotoka kiwandani, na mimi naona lugha haikukosea. Shauku ni ileile: sakafu ing'ae, mgeni akiingia ajue amefika kwa mtu. Tofauti ni kwamba zamani ilibidi uwe rafiki wa Caesar. Leo, kwa vigae vinavyotengenezwa Mkuranga na Chalinze, inatosha uwe mtu wa kudunduliza.

Pwani yetu nayo ilikuwa na jibu lake kwa tatizo la jiwe gumu, na ni jibu la werevu. Wajenzi wa Kilwa, Songo Mnara na Gedi walipotaka nakshi za mihrabu au miimo ya milango, walitumia matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi. Tumbawe bichi ni laini, linachongeka. Likikaa hewani na juani linakauka na kuwa jiwe. Yaani badala ya kutafuta kitu kigumu kuliko jiwe, waliliwahi jiwe kabla halijawa gumu. Ukisimama leo mbele ya zile kazi unaona mistari iliyonyooka kabisa, na hakuna grinda iliyopita pale.

Lakini ambao jiwe lao lilikuwa gumu tangu mlimani walihitaji nguvu, na nguvu ya kwanza waliyoifunga kwenye msumeno ilikuwa maji. Kule Hierapolis, mji wa kale ulio katika nchi ya Uturuki ya leo, limepatikana jeneza la jiwe la karne ya tatu, la mwenye kinu mmoja aliyeitwa Ammianos. Juu yake ameamuru achorewe mashine yake: gurudumu la maji, na kutoka kwenye gurudumu mikono inayosukuma misumeno miwili kukata mapande ya mawe. Karibu miaka 100 baadaye mshairi Ausonius alitunga utenzi kuusifu mto Mosella, unaopita Ujerumani ya leo, na ndani yake akasikia misumeno ya marumaru ikilia kwenye kijito kimoja kinachomwaga maji yake humo. Ni fahari kwetu tunaopenda fasihi kwamba moja ya ushahidi wa mwanzo wa kiwanda cha mawe ni shairi. Kwenye habari hizo mbili kuna kitu kimoja cha kukumbuka, nitakirudia: msumeno na mto vilikaa pamoja.

Turuke karne nyingi, maana kwa muda mrefu kilichobadilika ni kidogo: chuma, mchanga, maji, mikono. Kilichovunja mpangilio huo ni almasi.

Mtu wa Afrika Mashariki akisikia almasi anafikiri Mwadui, Shinyanga, na lile jiwe la waridi la karati 54.5 alilopewa Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa mwaka 1947. Hizo ni almasi za vidoleni. Almasi za kazi zina sura nyingine: nyeusinyeusi, zimejaa dosari, hazifai hata kwa hereni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya almasi za namna hiyo duniani ilitoka Kongo ya Wabelgiji, hasa Bakwanga katika Kasai, mji ambao leo unaitwa Mbuji-Mayi. Bila hizo, viwanda vya vita vya Marekani na Uingereza visingeweza kuchonga vyuma vigumu vya ndege na vifaru. Utaona jinsi historia inavyojirudia kimyakimya. Plinius alisema chembe bora ya kukatia inatoka kwa watu weusi kusini. Karne 19 baadaye bado ilikuwa inatoka huko, na bado aliyeichimba hakuwa mwenye nyumba inayong'aa.

Wamarekani walijua kwamba kutegemea mgodi mmoja ulio mbali ni hatari. Tarehe 16 Desemba 1954, katika maabara ya General Electric huko Schenectady, jimbo la New York, mkemia Tracy Hall alikandamiza kaboni kwa nguvu inayokaribia mara 100,000 ya uzito wa hewa, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,500, akapata almasi. Kampuni ilimzawadia hati ya akiba ya dola 10. Chembe zile zilikuwa ndogo kama mchanga, na mchanga ndio uliokuwa unatakiwa. Leo nyingi zinatoka China, hasa jimbo la Henan, na diski unayoinunua Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana imejaa watoto wa zile za Schenectady.

Mwaka huohuo wa 1954, kwa bahati tu, kampuni moja ya Ujerumani iitwayo Ackermann + Schmitt ilitoa grinda ya kwanza ya mkono yenye mwendo wa kasi. Jina la kibiashara la kampuni hiyo ni Flex, na Ujerumani mpaka leo watu huita grinda yoyote kwa jina hilo.

Weka hivyo viwili pamoja, chembe ya bei rahisi na mashine ya mkononi, unampata mjomba. Kijana asiye na kiwanda, asiye na mto, mwenye soketi ya umeme tu, anaweza kukata jiwe ambalo farao angelingoja kwa miezi. Sitaki mtu aidharau hiyo. Mjomba amesomesha watoto wanne kwa grinda.

Ila msumeno uliondoka kando ya mto. Grinda inatumia umeme, na umeme na maji havipatani. Ile chupa niliyokuwa nabinya ilikuwa ni kucheza na kifo. Fundi mmoja rafiki yake mjomba alipigwa na shoti akakata kigae hivyohivyo huku maji yakichuruzika kwenye mkono wa mashine. Alipona, lakini baada ya siku ile mjomba aliiweka chupa pembeni. Akawa anakata makavu, kama wanavyokata wengi.

Hapo niombe tupige hesabu nyingine. Chukua kigae cha sentimita 60, unene wa milimita 9. Diski inaacha mfereji wa kama milimita 2. Ukikata kigae hicho kutoka ukingo hadi ukingo, kilichokuwa kwenye mfereji ni kama gramu 25 za kigae. Hakijapotea, kimekuwa vumbi. Mikato 20 kwa siku, ambayo kwa sebule yenye kona nyingi ni ya kawaida, inatoa nusu kilo. Nusu kilo ya unga kila siku. Mwingi unaanguka sakafuni na kufagiliwa. Ule mwembamba kabisa, usioonekana kwa macho, unabaki unaelea hata baada ya mashine kuzimwa, na ndani yake mna silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Chembe ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita hupita pua, hupita koo, hufika chini kabisa ya mapafu na kukaa. Mwili unajaribu kuzizungushia ukuta. Ukuta huo ni kovu, na mapafu yaliyojaa makovu hayatanuki.

Hili nalo si jipya. Mwaka 1700, huko Modena, Italia, tabibu Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, na wakata mawe wamo. Anataja daktari mwenzake wa Uholanzi aliyepasua maiti za wakata mawe na kukuta mapafu yaliyokuwa kama yamejaa mchanga. Lakini Ramazzini anakumbukwa zaidi kwa jambo dogo. Madaktari tangu enzi za Hippocrates walikuwa na maswali yao ya kumuuliza mgonjwa. Yeye alisema ongezeni moja: unafanya kazi gani?

Na dawa ilijulikana. Jiwe likikatwa likiwa limelowa, vumbi linakuwa tope, na tope haliruki. Ndiyo maana kilichotokea Marekani mwaka 1930 na 1931 hakiwezi kuitwa ajali. Huko Hawks Nest, West Virginia, kampuni ya Union Carbide ilikuwa inatobolewa handaki la kama kilomita tano kupita mlimani ili kupeleka maji kwenye mitambo ya umeme. Mwamba ulikuwa na silika nyingi mno. Kutoboa kwa maji kunachelewesha, basi wakatoboa makavu. Wengi wa waliokuwa ndani walikuwa watu weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta kibarua wakati wa ukata mkuu wa uchumi. Walianza kufa kabla hata handaki halijaisha. Mtafiti Martin Cherniack baadaye alikadiria waliokufa kuwa 764. Mshairi Muriel Rukeyser alikwenda huko, akazungumza na wajane na wagonjwa, akasoma kumbukumbu za kikao cha Bunge la Marekani, na mwaka 1938 akatoa mfululizo wa mashairi aliouita The Book of the Dead. Kama hujausoma, utafute. Alifanya kazi ambayo sisi waandishi wa habari tunapaswa kuifanya: aliuliza watu wanafanya kazi gani, kisha akaandika majibu.

Mjomba alianza kukohoa miaka sita iliyopita. Kwanza tulisema ni mafua, halafu tukasema ni baridi ya asubuhi. Alipoanza kupungua mwili, hospitali moja ilimpima makohozi, hayakuonyesha kifua kikuu. Wakampa dawa za kifua kikuu hata hivyo, miezi sita. Hakupata nafuu. Mwaka uliofuata hospitali nyingine ikarudia njia ileile. Katika safari zote hizo nilikuwepo, mimi msomi wa familia, nimekaa kwenye benchi na simu yangu, na sikuwahi kusema neno moja kuhusu grinda. Sikuona kama linahusika.

Mara ya tatu tulimkuta daktari kijana, binti ambaye nadhani hakuwa ametimiza miaka 30. Aliiangalia picha ya eksirei kwa muda, akamgeukia mjomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Fundi marumaru."

"Unakata kwa maji au makavu?"

Mjomba alinitazama mimi kabla ya kujibu. Sitausahau mtazamo ule. "Zamani kwa maji," alisema. "Nilikuwa na kijana wa kunimwagia."

Ugonjwa unaitwa silikosisi, na haurudi nyuma. Unaweza tu kujaribu kuupunguza kasi kwa kuacha vumbi, na kuwa macho kwa sababu unamfungulia mlango kifua kikuu cha kweli. Kwa wachimbaji wa Mirerani jambo hili limeanza kupimwa na kuandikwa. Kwa fundi wa mtaani bado. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, lakini unachangiwa na mwajiri. Mwajiri wa mjomba ni nani? Ni kila mwenye nyumba aliyewahi kumwita, akamlipa kwa mita, akamwambia fanya haraka nahamia Jumamosi.

Mwenye nyumba mmojawapo ni mimi. Mwaka mmoja kabla ya daktari yule nilikuwa namalizia sebule yangu Kigamboni. Fundi aliniambia anaweza kukodi mashine ya meza yenye maji, itaongeza gharama kidogo na siku mbili. Nikamwambia piga kwa grinda tu, bosi, utakata nje. Alikata ndani, kwa sababu nje kulikuwa na jua. Mimi nilitoka nikaenda kukaa kwenye gari, nikapandisha vioo.

Sasa hivi grinda ya mjomba anayo mwanawe, binamu yangu, na nimekwenda kumwangalia akifanya kazi mara kadhaa kwa ajili ya makala hii. Amenunua mashine ya meza iliyotumika. Ni kitu rahisi: meza ya chuma, mota chini yake, diski inayochomoza katikati, na beseni la maji ambamo sehemu ya chini ya diski inaoga inapozunguka. Mota imekaa mbali na maji, tofauti na ile ya mkononi. Kabla ya kuwasha anachomoa waya, anaifunga diski mshale ukielekea kwake, anaangalia kama visahani viwili vinavyoibana ni safi, maana punje moja ya mchanga pale inaifanya iyumbe. Anajaza maji mpaka yaguse ukingo wenye almasi, anaweka kigae uso juu, na kukisogeza taratibu kwa viganja viwili. Linatoka tope jeupe kama uji mwepesi. Hewani hakuna kitu.

Mikato iliyonyooka anaimalizia kwa mashine ya mkono, ile ya kukwaruza mstari na kuvunja, ambayo ndugu wawili wa Boada waliianzisha katika mji wa Rubí, Hispania, mwaka 1951. Haina umeme na karibu haina vumbi. Grinda anaitoa kwa kona na matundu ya mabomba peke yake. Akiitoa, anakiloweka kigae kwanza kwenye ndoo, anakwenda nje, anaupa upepo mgongo, na anavaa barakoa ngumu ya vumbi, siyo ile ya kitambaa tuliyobaki nayo tangu korona. Yote hayo yanamchelewesha. Ameshapoteza wateja wawili kwa sababu ya tope.

Mjomba huwa anakuja naye siku ambazo kifua kinamruhusu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ile meza, na kazi aliyojipa ni kuangalia maji yasipungue. Juzi nilipofika yalikuwa yameshuka chini ya ukingo wa diski. Alikuwa ameshaona kabla ya mwanawe, lakini ananyanyuka kwa shida siku hizi.

"Maji, mjomba," aliniambia, kwa sauti ndogo.

Nikachukua ndoo.